Sanduku la Risasi Lisilo na Risasi

Hakuna askari asiyelijua sanduku la risasi. Ni la chuma, rangi yake kijani iliyofifia, lina mpini juu na komeo ubavuni, na ukingoni mwa mfuniko wake umo mpira unaozuia maji yasipenye hata tone. Likisha kazi yake ya kwanza haliendi jalalani. Katika nyumba za kambini hutunza sukari, misumari, vyeti vya watoto na barua za nyumbani, na wake wa askari wanajua fika kwamba panya hana ufunguo wake. Basi msomaji asistaajabu akiambiwa kwamba katika misitu ya Marekani na milima ya Ulaya sanduku hilo hilo limefichwa chini ya magogo na katika nyufa za miamba, na ndani yake hamna risasi hata moja, isipokuwa ile ya kalamu. Pamoja na kalamu hiyo mna daftari, gari dogo la kuchezea, sarafu ya nchi ya mbali, pengine kinyago kilichochongwa kwa mkono.

Aliyeviweka vitu hivyo hamjui atakayevikuta, na atakayevikuta hamjui aliyeviweka. Hakuna tiketi, hakuna bei, wala hatokei mtu kudai shukrani. Kazi yote ya mwekaji ni kubuni mahali, kuficha kwa ustadi, kisha kwenda zake. Mchezo huu, ambao wenyewe wanauita jiokeshingi, umezaliwa na chombo cha kijeshi, na mara kadhaa umewatoa polisi mbio pamoja na kamba zao za kufungia barabara. Ndiyo sababu tumeona vyema kuueleza katika ukurasa huu.

CHUPA YA BWANA PERROTT

Asili yake ni ya kale kuliko setilaiti. Kusini-magharibi mwa Uingereza, katika jimbo la Devon, kuna nyika ya juu iitwayo Dartmoor, nchi ya vinamasi, ukungu na vilele vya mawe. Mwaka 1854, Bwana James Perrott wa mji mdogo wa Chagford, ambaye riziki yake ilikuwa kuwaongoza wageni nyikani, aliacha chupa mahali paitwapo Cranmere Pool. Jina lasema ziwa, lakini ziwa hulioni. Ni bonde la tope katikati ya nyika, mbali na njia zote za magari. Aliyefika huko kwa miguu yake aliingiza kadi yenye jina lake ndani ya chupa, ili ajaye nyuma yake ajue kwamba si yeye wa kwanza kulowa viatu.

Mwaka 1905 pakawekwa daftari la wageni, na mwaka 1937 pakajengwa sanduku la mawe. Zikaanza desturi zake. Mojawapo ilikuwa hii: mtu aliacha barua au kadi ya posta yenye anwani yake mwenyewe, naye msafiri aliyefuata, awe nani awe nani, aliichukua na kuitia posta mjini kwao. Barua ikarudi nyumbani kwa mwenyewe ikiwa na mhuri wa posta ya mji ambao pengine hajawahi kuukanyaga, ndipo akajua kwamba mtu mwingine amefika na amemkumbuka. Askari aliyewahi kukaa miezi katika lindo la mbali akingoja barua hahitaji kuelezwa utamu wa jambo hilo.

Siku hizi masanduku ya Dartmoor ni maelfu. Katika kila moja mna mhuri wa mpira, mara nyingi umechongwa kwa mkono na mfichaji mwenyewe, ukiwa na picha ya ndege, au daraja la kale, au kichekesho tu. Mtafutaji huja na daftari lake na mhuri wake. Hupiga mhuri wa sanduku katika daftari lake, na mhuri wake katika daftari la sanduku, kisha hufunika na kurudisha jiwe mahali pake. Ipo klabu ambayo sharti la kuingia ni moja: uwe umeyakuta masanduku 100.

Jambo litakalompendeza askari ni kwamba sehemu kubwa ya kaskazini ya nyika hiyo ni viwanja vya jeshi vya kulenga shabaha, na Cranmere Pool yenyewe imo ndani ya uwanja wa Okehampton. Siku ya mazoezi hupandishwa bendera nyekundu vileleni, na usiku huwashwa taa nyekundu. Nguzo zilizopakwa nyekundu na nyeupe huonyesha mpaka. Kwa hiyo mtafutaji wa mihuri mwenye akili timamu huanza safari yake kwa kusoma ratiba ya jeshi ya kupiga risasi, na akikuta kipande cha chuma asichokijua nyikani hukiacha palepale. Raia na jeshi wameitumia nyika moja kwa vizazi vingi kwa njia hiyo. Sisemi kwamba hawajapata kugombana juu yake. Magomvi yamekuwapo mengi. Lakini bendera ikipanda, kila mtu anajua maana yake.

KOSA LA MAKUSUDI

Kilichoutoa mchezo huo nyikani kwa Waingereza na kuueneza duniani ni mfumo wa setilaiti wa Jeshi la Marekani, ule uitwao GPS, ambao leo umo katika simu ya mwendesha bodaboda. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa Februari 1978, na mfumo ulitangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995, ukiwa na setilaiti 24 zinazoizunguka dunia katika kimo cha kilometa 20,200 hivi. Kila setilaiti imebeba saa ya atomiki, na hutangaza bila kukoma ni saa ngapi na yenyewe iko wapi. Kipokezi kilicho mkononi mwa mtu hupima muda ambao mawimbi ya redio yametumia njiani, na kwa muda huo hujua umbali. Setilaiti tatu zingetosha kuonyesha mahali, lakini saa ya kipokezi ni ya bei rahisi na huenda kombo. Basi ya nne hutumika kuisahihisha.

Lengo la kwanza lilikuwa vita: manowari, ndege, makombora, askari wa miguu. Mwaka 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia ikaingia anga ya Umoja wa Kisovieti, ikatunguliwa, na watu wote 269 waliokuwamo wakafa. Baada ya msiba huo Rais Reagan alitangaza kwamba mfumo utakapokuwa tayari raia nao wataruhusiwa kuutumia. Hata hivyo wakuu wa jeshi hawakutaka adui afaidi sawasawa na wao. Wakaingiza katika mawimbi ya raia kosa la makusudi, hata kipokezi cha raia kikaweza kukosea hadi mita 100. Jeshi lenyewe lilikuwa na vipokezi vyenye siri ya kulitambua kosa hilo na kulifuta.

Vita vya Ghuba vilionyesha kinyume cha mpango huo. Vipokezi vya kijeshi havikutosha, ikabidi askari wapewe vile vya madukani, na Marekani ikalazimika kuliondoa kosa lake kwa muda ili watu wake wasipotee jangwani. Mwisho, tarehe 1 Mei 2000, Rais Clinton alitangaza kwamba kosa la makusudi linazimwa usiku ule ule. Usiku wa manane ukafika, na kila kipokezi cha raia duniani kikawa sahihi ghafla, kwa kiasi cha mara kumi hivi, bila mwenyewe kununua kitu.

Mita 100 ni urefu wa uwanja wa mpira. Huwezi kumwambia mtu atafute kopo katika uwanja mzima wenye majani. Mita 10 ni jambo jingine.

NDOO NA KOPO LA MAHARAGE

Siku mbili baadaye, tarehe 3 Mei 2000, mhandisi wa kompyuta Bwana Dave Ulmer alitaka kupima kama ni kweli. Alichukua ndoo nyeusi akaifukia nusu kando ya msitu karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon. Ndani alitia vitabu, kanda za video, programu za kompyuta, fedha kidogo, manati, na kopo la maharage. Kisha akaandika latitudo na longitudo ya mahali pale katika baraza la wapenzi wa setilaiti kwenye intaneti, pamoja na kanuni fupi: chukua kitu, acha kitu, andika daftarini.

Ndani ya siku tatu ndoo ilikuwa imekutwa na watu wawili, mbalimbali. Mmoja wao, Bwana Mike Teague, akaanza kuorodhesha maficho mengine yaliyokuwa yakichipuka. Mwisho wa mwezi ule ule mchezo ukapewa jina kwa kuunganisha neno la Kigiriki lenye maana ya dunia na neno la Kifaransa lenye maana ya kuficha. Hapa polisi watatabasamu, kwa kuwa neno hilo la pili ndilo ambalo katika taarifa za Kiingereza hutumika kwa maficho ya silaha. Tarehe 2 Septemba 2000 Bwana Jeremy Irish alifungua orodha ya pamoja ikiwa na maficho 75. Kufikia Machi 2010 yalikuwa yamepita milioni moja, na baadaye yakavuka milioni tatu. Mwaka 2008 Bwana Richard Garriott, aliyesafiri kwa roketi ya Kirusi, aliacha ficho moja hata katika kituo cha anga za juu, jambo ambalo kwangu mimi ni la majigambo zaidi kuliko la zawadi, kwani mpita njia hawezi kulikuta.

Chombo kilichopendwa mapema ni sanduku letu la risasi. Linauzwa kwa bei ndogo katika maduka ya mabaki ya jeshi, halipenyi maji, na dubu hulichoka. Wengine hutumia makopo ya plastiki ya jikoni, na mjini hutumia vichupa vidogo vilivyokuwa vya filamu za kamera. Lakini kutia vitu katika chombo si ustadi. Ustadi umo katika kubuni. Yuko aliyetoboa tawi kavu akaingiza karatasi ndani yake. Yuko aliyetengeneza boliti ya uongo, ikakaa kwenye daraja kati ya boliti za kweli, ukiizungusha inafunguka. Wengine hawatoi mahali pa mwisho moja kwa moja, bali humpeleka mtafutaji kwanza kwenye jiwe la kaburi la kale au ubao wa makumbusho ahesabu herufi, ndipo apate tarakimu zinazomwelekeza mbele. Aliyepata mafunzo ya kusoma ramani na dira atayatambua mazoezi hayo, tofauti ikiwa ni kwamba hapa hakuna sajini anayepiga kelele nyuma.

Kuna kitu kingine ambacho askari atakitambua mara moja. Ndani ya maficho husafirishwa vibati vya chuma vyenye mnyororo, sura yake ni ile ile ya kibati cha utambulisho ambacho askari huvaa shingoni. Kila kibati kina namba yake peke yake. Mwenyewe hukifunga kwenye kikaragosi au ufunguo wa kale, hutaja shabaha yake, kwa mfano kufika baharini, kisha hukiacha. Kila anayekikuta hukisogeza mbele hadi ficho lingine na kuiandika namba ile katika orodha, ili mwenyewe, akiwa ameketi nyumbani, afuate safari yake. Kibati kilichobuniwa ili maiti ya askari isipotee bila jina kimepewa kazi ya kumtembeza mwanasesere. Sijui msomaji ataonaje. Mimi nimeona ni kazi njema.

POLISI WALIPOITWA

Sasa tuje kwenye upande wenye uzito. Julai 2011, katika mji wa Wetherby kaskazini mwa Uingereza, mtu alionekana akifanya jambo la kutiliwa shaka kwenye chombo cha maua karibu na mkahawa. Polisi waliitwa. Barabara ikafungwa, watu wakatolewa madukani, na kikosi cha jeshi cha kutegua mabomu kikaja kukilipua kitu kile kwa utaratibu wa usalama. Kilikuwa kikopo cha plastiki cha mchezo huu. Kisa hicho si cha pekee. Marekani nako vimetokea vya namna hiyo, hasa pale sanduku la risasi lilipoachwa chini ya daraja na maandishi yake ya kijeshi.

Wapo waliowacheka polisi wa Wetherby. Mimi siwacheki. Afisa aliye barabarani hana darubini ya kuona moyo wa aliyeficha. Anaona kikopo, anaona watu wanapita, na anajua kwamba kosa la upande mmoja ni kuchelewesha biashara kwa saa chache, na kosa la upande wa pili haliwezi kurekebishwa. Mzigo huo alimtwika yule aliyechagua barabara ya maduka kuwa mahali pa kuficha kitu.

Wenye mchezo wamejifunza, na kanuni zao za leo ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Kitu hakifichwi kwenye vituo vya jeshi, viwanja vya ndege, reli wala shule. Lazima mwenye ardhi awe ameridhia. Hakifukiwi, kwa hiyo ndoo ya Bwana Ulmer yenyewe leo ingekataliwa. Maandishi ya kijeshi kwenye sanduku yafutwe au yapakwe rangi, na nje paandikwe wazi ni kitu gani. Vyombo vinavyoonyesha yaliyomo hupendelewa. Haviingizwi vyakula, maana wanyama hunusa, wala pombe, dawa za kulevya, silaha au baruti. Kati ya ficho na ficho pawe na mita 161 kwa uchache. Kila ficho jipya hukaguliwa katika ramani na mjitoleaji kabla ya kuingizwa katika orodha, na orodha hiyo iko wazi, hivyo afisa aliyeitwa aweza kutazama kama mahali alipo pameandikishwa. Kuandikishwa huko, hata hivyo, si cheti cha usalama. Mtu mbaya naye anaweza kusoma orodha.

Hapa kwetu maneno haya hayasomwi kama yanavyosomwa Oregon. Tarehe 11 Julai 2010 mabomu yaliua zaidi ya watu 70 jijini Kampala, waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, na tangu hapo mfuko ulioachwa peke yake chini ya meza si mfuko tu. Askari wetu waliopelekwa Somalia kuanzia Machi 2007 walikutana na barabara ambazo jiwe, kopo au mzoga wa mbwa ulificha mauti. Huko kaskazini na kwenye miteremko ya Rwenzori, mabomu ya ardhini yalikata miguu ya wakulima hata baada ya bunduki kunyamaza. Desemba 2012 ndipo Uganda ilipotangaza kwamba imemaliza kuyasafisha maeneo yote ya mabomu hayo yaliyojulikana. Rwanda ilikuwa imetangaza hivyo mwaka 2009, na Msumbiji ikafuata mwaka 2015. Kizazi kizima cha watoto kimelelewa kwa amri moja: ukikuta chuma usichokijua, usikiguse, ita mtu mzima.

Amri hiyo isilegezwe hata kidogo kwa ajili ya mchezo. Anayetaka kuficha zawadi katika nchi ambamo watoto wamefundishwa hivyo hana ruhusa ya kutumia sanduku la chuma wala kitu chochote chenye sura ya zana. Naye afisa wa doria atakayeitwa kwenye kitu cha namna hiyo asione haya kufuata utaratibu wake wote: asikifungue, asikitikise kusikiliza, awasogeze watu mbali, awaite wenye utaalamu. Kama ndani ni gari la kuchezea na litalipuliwa, basi na lilipuliwe.

KATIKA LINDO LA MBALI

Lakini sitaki kumwacha askari na hofu peke yake, maana asili ya jambo lenyewe, ile chupa ya Bwana Perrott, haikuhitaji setilaiti wala msitu. Ilihitaji mahali pagumu kufika, na watu wanaofika kwa zamu.

Fikiri kikosi kinachokabidhi lindo la mpakani baada ya miezi ya upweke. Mkabidhi hutoa orodha ya vifaa, mkabidhiwa hutia saini, gari linaondoka. Wale waliobaki wanaanza kujifunza upya yale yale ambayo wenzao wamekwisha kuyajua: kisima kipi hukauka Januari, mzee gani wa kijiji anaaminika, upepo wa usiku hutokea wapi. Hakuna kinachozuia waondokao kuacha nyuma daftari moja lenye habari hizo katika mkebe wa plastiki, pamoja na pakiti ya chai, sabuni, pini za darizi la draftsi, na barua moja isiyo na jina la mpokeaji. Kamanda wa lindo ajue, na aandike katika hati ya makabidhiano kwamba kipo kitu cha namna hiyo ndani ya uzio. Mahali hasa aache wakutafute wenyewe. Vijana watakesha wakipekua mifuko ya mchanga kwa furaha ambayo hawajaionja tangu wafike, na watakapouondoa mfuniko watakuta mwandiko wa mtu aliyelala katika handaki lile lile.

Wakipenda, wafuate ile desturi ya Dartmoor. Aondokaye aache barua yenye anwani ya mama yake, na ajaye aitie posta siku atakapopata ruhusa ya kwenda mjini. Mama ataipokea ikiwa imechelewa, mhuri wake ni wa mji asioufahamu, na pembeni mgeni ameongeza mstari mmoja wa salamu.

Na lile kopo la maharage la Beavercreek? Ndoo iliondoka zamani, na mahali pake mwaka 2003 paliwekwa bamba la ukumbusho. Watu waliokwenda kupatengeneza walilikuta kopo bado lipo, limeliwa na kutu, halijafunguliwa. Wakalipa namba yake, kama kibati cha askari, likaanza kusafiri kutoka mkutano hadi mkutano wa wapenzi wa mchezo huo. Watu hupanga mstari kulishika.